Uso umejaa, presha imeanguka: kisa cha tezi zilizoacha kazi

Mama wa miaka 52 aliletwa idara ya dharura saa moja kasorobo jioni, binti yake amemshika bega moja, jirani la pili. Alikuwa ametapika siku tatu. Kila akijaribu kusimama, macho yanaingia giza. Presha ilikuwa 76 kwa 44, mapigo ya moyo 124 kwa dakika, joto 37.9, sukari 2.6. Ukimwita anaitika, ila kwa kuchelewa, kama mtu anayejibu akiwa chumba cha pili. Mambo kadhaa nimeyabadilisha ili asitambulike.

Zamu ilikuwa yangu, na kwa zaidi ya saa mbili za kwanza nilikuwa nimepotea njia. Naanza na hapo nilipopotea, maana ndimo kisa chenyewe kilimo.

Nilimhesabu kuwa ana maambukizi yaliyosambaa kwenye damu. Ushahidi haukukosekana: joto limepanda kidogo, presha iko chini, moyo unakimbia, na kadi yake ya kliniki inasema ana kisukari. Hata sukari iliyoshuka ilikuwa na maelezo mepesi. Anameza metformini na glibenklamidi, hajala siku tatu, basi dawa ndiyo iliyomshusha. Tulimpa glukosi ya mshipa, antibiotiki na lita mbili za maji ya chumvi. Sukari ilipanda hadi 7.1, na baada ya saa moja ikawa imerudi 3.4. Presha ilifika 84 ikagoma. Tukaanzisha dripu ya noradrenalini, dawa ya kubana mishipa ya damu ili presha ipande, tukawa tunaipandisha kidogo kidogo, na mishipa yake haikuonyesha dalili kwamba imesikia.

Kisha majibu ya maabara yakaja. Sodiamu imeshuka hadi 126, potasiamu iko kawaida, 4.3, kreatinini imepanda kidogo. Katika hesabu ya chembe nyeupe za damu, aina iitwayo eosinofili ilikuwa asilimia 9.

Hiyo asilimia 9 ndiyo iliyonisimamisha. Mtu anapougua vibaya, tezi za adrenali humwaga kotisoli, homoni ya kuukabili msukosuko, kwa wingi, na kotisoli huzifagia eosinofili kwenye damu hadi zikaribie sifuri. Mgonjwa mwenye presha ya 76 akiwa bado na eosinofili asilimia 9 ni kijiji kilichovamiwa na hakuna aliyepiga mbiu. Si kipimo cha kutegemewa peke yake, kwa sababu mzio na minyoo navyo huzipandisha. Lakini kilinirudisha kitandani kumtazama upya, na safari hii nikamtazama mtu badala ya kutazama mashine.

Uso ulikuwa mviringo, mashavu yamejaa hadi yameyabana macho. Chini ya shingo, kwa nyuma, palikuwa na nundu laini ya mafuta. Tumbo kubwa lenye michirizi mipana ya zambarau, kisha mapaja membamba yasiyolingana nalo, kana kwamba yameazimwa kwa mtu mwingine. Mikono ilikuwa na madoa ya damu iliyovilia chini ya ngozi. Muuguzi alipobandua plasta ya kanyula ya kwanza, iliyokuwa imeziba, ukanda wa ngozi ulitoka nayo, mwembamba kama karatasi iliyolowa.

Daktari kijana niliyekuwa naye zamu aliliona hilo kabla yangu, ila hakujua alifanyie nini. “Dokta,” akaniambia kwa sauti ya chini, “huyu si ana Cushing? Kotisoli imemzidi. Tutamwongezeaje nyingine?”

Swali lake lilikuwa zuri kuliko yote yaliyoulizwa usiku ule, likiwemo langu. Umbo alilolielezea ni lile lile Harvey Cushing, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Marekani, aliloliandika 1912, na 1932 akalifungamanisha na uvimbe mdogo wa tezi pituitari. Ni umbo la kotisoli iliyozidi kwa muda mrefu. Presha, sukari na sodiamu za mama huyu zilisema kinyume chake. Viwili hivi haviwezi kutoka kwenye tezi moja kwa wakati mmoja, isipokuwa kuna kitu kimeingia katikati.

Binti alikuwa ameshaulizwa mara mbili mama yake anatumia dawa gani. Mara zote mbili alitaja nne, mbili za sukari na mbili za presha, na zote zilikuwa kwenye kadi. Nikamwita pembeni.

“Mwanangu, hizo nne tuziache. Kuna kitu chochote kingine mama anachomeza, anachopaka, anachovuta au anachochomwa? Hata kama nyumbani hamkiiti dawa.”

Akafikiri. “Labda vile vya magoti. Lakini ameviacha, daktari. Tangu Jumatatu hajagusa.”

Ilikuwa Jumapili.

Alifungua mkoba wa mama yake, akapekua chini ya leso na miwani, akatoa kipande cha pakiti ya vidonge. Vijumba vinane vimepasuliwa, viwili bado vimejaa. Predinisoloni, steroidi inayofanya kazi kama kotisoli, miligramu 5. Alikuwa akimeza viwili asubuhi na viwili jioni, kwa miaka miwili na miezi kadhaa. Mwanzoni aliandikiwa vya wiki mbili tu. Maumivu yakaisha, akaona hakuna sababu ya kukiacha kitu kinachomsimamisha, akaendelea mwenyewe. Jumatatu ile alikuwa amekwenda kliniki kwa sababu ya miguu kuvimba. Mhudumu mmoja alimtazama usoni, akaviona vidonge, akamwambia vinamharibu mwili, avitupe. Akatii siku hiyo hiyo.

Mhudumu yule hakukosea kuhusu ubaya wa dawa. Utambuzi wake ulikuwa sahihi, tena ulifanywa kwa macho tu, jambo ambalo kliniki iliyomwandikia dawa za sukari na za presha haikulifanya. Alichokiacha ni sentensi moja tu, ile ya kusema inaachwa vipi.

Tezi za adrenali ni mbili, kila moja imekaa juu ya figo yake, na ina uzito wa gramu 4 au 5 tu. Ndani yake mna viwanda visivyofanana. Kiini hutengeneza adrenalini na noradrenalini na huendeshwa moja kwa moja na neva. Ganda linalokizunguka lina matabaka matatu. La nje hutoa aldosteroni, homoni inayozuia chumvi isipotee kwenye mkojo na kuisukuma potasiamu itoke. La kati hutoa kotisoli. La ndani hutoa homoni dhaifu za jamii ya zile za kiume. La kati ndilo linalohusika hapa, na bosi wake hayuko tumboni. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamuru pituitari, pituitari huachia homoni iitwayo kwa kifupi ACTH, ACTH huiamsha tezi, na kotisoli ikishatosha kwenye damu, ubongo hunyamaza. Alfajiri amri ni nyingi, na usiku wa manane karibu hakuna.

Tatizo ni kwamba ubongo hauulizi kotisoli imetoka wapi. Predinisoloni ikiwa kwenye damu, unaisoma kama kotisoli. Miligramu 5 za predinisoloni ni sawa na miligramu 20 hivi za haidrokotisoni, ambayo ndiyo kotisoli yenyewe ikiwa dawa, na hicho ni karibu kiasi chote ambacho mwili wa mtu mzima mwenye afya unakihitaji kwa siku. Mama huyu alikuwa akimeza mara nne ya hapo. Kwa miaka miwili ubongo wake ulikuta ghala limefurika kila asubuhi, ukaacha kutuma amri. Tabaka la kati lisipopata ACTH hunywea. Halipumziki tu likingoja kuitwa. Linanywea kwelikweli, na kulirudisha ni kazi ya miezi.

Kwa hiyo jibu nililompa daktari kijana lilikuwa fupi. Uso unasimulia miaka miwili iliyopita, presha inasimulia wiki hii. Mwili ulikuwa umeshiba homoni hadi Jumatatu, na tangu Jumatatu hauna kitu.

Akanibana tena, na alikuwa na haki. “Tunajuaje si ugonjwa wa Addison?”

Hapo potasiamu ilitusaidia, pamoja na ngozi. Thomas Addison, daktari wa hospitali ya Guy's mjini London, alieleza mwaka 1855 habari za wagonjwa 11 ambao tezi zao zenyewe zilikuwa zimeharibika, kadhaa wao kwa kifua kikuu. Walikuwa wadhaifu, wamekonda, na ngozi yao ilikuwa imebadilika rangi kuwa nyeusi. Weusi ule ulipata maelezo baadaye sana. Tezi ikifa, pituitari hupiga kelele kwa ACTH nyingi, na ACTH ikizidi huamsha seli za rangi ya ngozi. Ndiyo maana kwa mwenye Addison tunatazama mistari ya viganja, fizi, na makovu mapya. Tena kwa Addison ganda zima huharibika, aldosteroni nayo hutoweka, hivyo potasiamu hupanda na mgonjwa hutamani chumvi hata ya kulamba. Viganja vya mama huyu vilikuwa na rangi yake ya kawaida, mistari haijakolea, na potasiamu ilikuwa 4.3. Tabaka la aldosteroni halingoji amri ya pituitari. Linaamriwa na figo kupitia renini, na potasiamu yenyewe. Lilikuwa zima na linafanya kazi. Ukosefu ulianzia juu, kwenye amri.

Sodiamu ilikuwa imeshuka hata hivyo, na hili huwachanganya wengi. Kotisoli ikikosekana, homoni inayozuia mkojo huachiwa ovyo, mwili ukabaki na maji mengi kuliko chumvi. Aldosteroni ikiwa nzima haizuii hilo.

Na ile noradrenalini iliyogoma? Misuli ya mishipa ya damu huhitaji kotisoli ili iweze kuitika noradrenalini. Hata kiini cha tezi kinaitegemea, kwa sababu damu inayokifikia hupita kwanza kwenye ganda, na kotisoli iliyomo ndiyo inayowezesha noradrenalini kugeuzwa adrenalini. Tulikuwa tunabisha hodi kwenye mlango ambao funguo zake hazipo.

Saa tatu na robo usiku tulichukua damu ya kupima kotisoli na ACTH, na bila kungoja majibu tukampa haidrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa. Mpangilio huo naushikilia sana. Damu kwanza, kwa sababu haidrokotisoni ikishaingia kipimo cha kotisoli hakina maana tena, lakini kama mshipa hauonekani au chupa ya damu imekosekana, dawa itangulie. Dozi moja iliyotolewa bure haimdhuru mtu. Ikicheleweshwa, anaweza kufa. Baada ya hapo tuliendelea na miligramu 50 kila saa sita, maji ya chumvi, na glukosi.

Saa tano usiku presha ilikuwa 104 kwa 62. Saa nane dripu ya noradrenalini ilikuwa imeondolewa. Sukari haikushuka tena. Asubuhi nilipopita alikuwa ameketi, amejifunga khanga kichwani vizuri, anamgombeza binti yake kwa kulala kwenye kiti.

Majibu yalikuja siku ya pili. Kotisoli ilikuwa nanomoli 31 kwa lita, kwa mtu ambaye katika hali ile ilipaswa kupita 500. ACTH ilikuwa chini ya kiwango ambacho mashine inaweza kukisoma. Wenzetu wa maabara walitaka kujua kama amemeza predinisoloni siku za karibuni, na walikuwa sahihi kuuliza, kwa sababu mashine nyingi huichanganya predinisoloni na kotisoli na kutoa namba ya juu isiyo ya kweli. Deksamethasoni haina udanganyifu huo. Kwake ilikuwa siku ya sita, dawa imeshatoka yote mwilini, kwa hiyo 31 ilikuwa yake.

Mtaalamu mmoja alipendekeza apigwe picha ya tezi, asije akawa na uvimbe unaotoa kotisoli. Sikuagiza. Uvimbe wa namna hiyo hukuonyesha umbo la Cushing pamoja na kotisoli iliyo juu. Umbo hilo likikutana na kotisoli iliyokaribia sifuri, steroidi inatoka nje ya mwili, na kinachobaki ni kutafuta imepitia wapi. Kinywa ni njia moja tu. Krimu kali za ngozi kama klobetasoli, sindano za kwenye kiungo zinazorudiwarudiwa, na dawa za kuvuta kwa dozi kubwa zote zimewahi kuzilaza tezi za watu. Antibiotiki tulizisimamisha siku ya tatu, baada ya vipimo vya kuotesha vijidudu kutoonyesha kitu. Kutapika kulikuwa dalili ya ukosefu wenyewe.

Kinachoniudhi katika kisa hiki ni umri wa maarifa haya. Septemba 1948, katika Mayo Clinic huko Marekani, Philip Hench na wenzake walimchoma kotisoni, ndugu wa kotisoli, mwanamke kijana aliyelemazwa na baridi yabisi, na baada ya siku chache akatembea. Tuzo ya Nobel ilifuata 1950, Hench akiigawana na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Furaha ilikuwa kubwa, na haki yake ilikuwepo. Mwaka 1952 madaktari wa Marekani wakachapisha habari za mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa ametumia kotisoni, akafanyiwa upasuaji, presha ikaanguka isiinuke tena. Alipopasuliwa baada ya kufa, tezi zake zilikutwa zimenywea. Miaka minne tu tangu sindano ya kwanza. Somo lilishikwa upesi na baadhi. Mwaka 1954 John F. Kennedy, wakati huo seneta na tayari ana ugonjwa wa Addison, alifanyiwa upasuaji wa mgongo mjini New York akiwa amekingwa kwa steroidi kabla na wakati wa kisu. Alipata maambukizi yaliyokaribia kumuua, lakini aliokoka. Mtu aliyepewa tahadhari hiyo 1954 na mtu anayeambiwa “vitupe” leo wametenganishwa na miaka mingi, na kemia ni ile ile.

Kumwokoa mama huyu usiku ule kulichukua saa chache. Kumwachisha kulichukua miezi 15, na hiyo ndiyo sehemu ambayo watu hawaiandiki.

Aliruhusiwa akiwa na haidrokotisoni ya vidonge, miligramu 10 akiamka, 5 mchana, 5 alasiri. Hakuhitaji dawa ya kushika nafasi ya aldosteroni, kwa sababu yake ilikuwepo. Laiti angefika bado anameza predinisoloni, tungeishusha taratibu kwa wiki kadhaa hadi miligramu 5, kiasi kinachokaribia hitaji la mwili, na kutoka hapo tungekwenda kwa mwendo wa kinyonga. Aliyemeza steroidi kwa chini ya wiki tatu au nne kwa kawaida huacha bila mzunguko huu wote. Tofauti ni muda aliopewa ubongo wa kusahau.

Wiki ya tano alirudi analia. Mwili mzima unamuuma, hana raha, halali. Vipimo vilikuwa sawa, presha nzuri, sodiamu 139. Mwili uliozoea mara nne ya kiasi unaona kiasi halisi kama njaa. “Daktari, nirudishie hata kimoja,” akaniambia. “Kimoja tu, cha asubuhi.” Nilikataa, na nilijisikia vibaya kukataa. Tulimpa dawa ya kawaida ya maumivu na kumwandikisha mazoezi ya viungo. Hapo ndipo tulipopiga picha ya magoti kwa mara ya kwanza tangu yaanze kuuma. Gegedu lilikuwa limelika, mifupa imekaribiana, na vipimo vya damu vya baridi yabisi vikatoka safi. Magoti yaliyochakaa. Predinisoloni ya kumeza haikuwa dawa yake hata siku ya kwanza.

Binti alifundishwa kuchoma sindano ya dharura ya miligramu 100 kwenye nyama ya paja, na mama akapewa kadi ya kukaa kwenye mkoba. Masharti yalikuwa mawili. Homa ikipanda, dozi ya vidonge iwe mara mbili au tatu hadi ipoe. Akitapika vidonge, sindano, kisha hospitali. Mwezi wa saba alishikwa na mafua makali, akapandisha dozi siku tatu, akashusha. Hakuna kilichotokea. Niliiandika kwenye faili kwa mistari miwili, na ndiyo mistari niliyoifurahia kuliko yote.

Kila miezi kadhaa alikuja saa mbili asubuhi kabla ya kumeza chochote, tukapima kotisoli yake mwenyewe. Mwezi wa tatu 64. Wa sita 121. Chini ya 150 tezi bado imelala, kati ya 150 na 300 inajinyoosha, ikipita 300 tunaweza kumwachia. Mwezi wa kumi ilikuwa 187, na hapo tukaondoa dozi ya alasiri, halafu ya mchana. Mwezi wa kumi na tano ilikuwa 318. Akaacha vidonge asubuhi hiyo, kadi nikamwambia abaki nayo mwaka mmoja zaidi, kwa sababu tezi inayotosha siku ya kawaida inaweza isitoshe siku ya upasuaji.

Dawa za sukari zilikuwa zimeshaachwa mwezi wa tano, zote mbili. Za presha ilibaki moja. Uso ulirudi polepole kiasi kwamba mjukuu wake aliyekuwa mbali, kama mama alivyonisimulia, alimkwepa mlangoni akidhani ni mgeni. Michirizi ilififia ikawa ya fedha. Nundu ilipungua.

Kipimo cha uzito wa mifupa kilionyesha udhaifu mkubwa, na pingili moja ya mgongo ilikuwa imejikunja bila mwenyewe kujua ilivunjika lini. Tulimwanzishia dawa ya mifupa. Siku ya mwisho kabla sijamkabidhi kliniki ya kawaida nilimpima urefu. Kadi yake ya zamani ilisema sentimita 161. Kijiti kikasimama kwenye 158. Akasema labda hakusimama vizuri, akanyoosha shingo, visigino vikagusa ukuta, tukarudia. 158.